Karibuni Palestina: kisa cha wageni waliokataa kudanganya kwenye dirisha la uhamiaji

Jumapili ya Aprili 15, 2012, uwanja wa ndege wa Ben Gurion pale karibu na Tel Aviv ulijaa polisi mamia kwa mamia, wengine na sare wengine kiraia, ungedhani kuna kikosi cha adui kinashuka na parachuti. Waliokuwa wanasubiriwa ni abiria. Wanafunzi, wastaafu, watu wa vyama vya wafanyakazi, kina mama kutoka Ufaransa na Ubelgiji na Uingereza na mabegi yao ya kuburuza na tiketi walizojilipia wenyewe, na wala hawakuwa wanajificha maana waandaaji walishatangaza tarehe mapema kabisa. Kosa lao, kama tutaliita kosa, ni kwamba walikubaliana wakifika dirishani na afisa wa uhamiaji akauliza unaenda wapi, watajibu ukweli: naenda Bethlehem, Palestina, nimealikwa na watu wa kule.

Kampeni iliitwa Karibuni Palestina. Nimeichagua hii kuichambua kwa sababu mara nyingi tukiongelea uhuru wa kutembea wa Wapalestina tunaishia kwenye picha ya foleni ya kwenye kizuizi cha barabarani, mzee na kitambulisho mkononi, askari na bunduki, na ile picha ni ya kweli kabisa lakini inaonyesha upande mmoja wa geti. Huu wa pili hauongelewi sana. Mtu akikuzuia usitoke kwako amekufunga, sawa, ila akizuia pia wageni wako wasiingie, halafu kazi hiyo anaifanyia kwenye kaunta ya tiketi huko Paris au Manchester, hapo unaanza kuelewa kwamba mlango wa nyumba yako hauko kwako tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa hapa mwenyeji hana hata ruhusa ya kusema karibu.

Tuanze na jiografia maana bila hiyo kisa hakieleweki. Ukingo wa Magharibi, ndiko iliko Bethlehem, una watu kama milioni 3 wa Kipalestina na hauna uwanja wa ndege hata mmoja unaofanya kazi. Ulikuwepo wa Qalandia, kati ya Jerusalem na Ramallah, ulifungwa mwaka 2000 intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina, ilipoanza. Gaza nao walijenga wao, ukafunguliwa Novemba 1998, mwezi uliofuata Rais Clinton wa Marekani akaenda mwenyewe, halafu Desemba 2001 Israel ikapiga rada yake kwa mabomu na Januari 2002 mabuldoza yakaichimbua njia ya kurukia. Basi ukitaka kwenda Bethlehem leo una milango mikubwa miwili. Mmoja ni Ben Gurion. Wa pili ni daraja la mto Yordani, Waisraeli wanaliita Allenby, Wajordani wanaliita la Mfalme Hussein, Wapalestina wanaliita Karameh, na ng'ambo ya mto, upande wa Ukingo wa Magharibi, anayekaa dirishani ni afisa wa Israel. Hakuna mlango wa tatu ambao Mpalestina anaushika funguo yeye.

Sasa kwa miaka mingi wageni waliokuwa wanaenda kuwatembelea Wapalestina, kusaidia kuvuna mizeituni mwezi wa kumi, kukaa na familia karibu na walowezi wa Kiisraeli, kufundisha Kiingereza kwenye kambi za wakimbizi, walikuwa na kanuni yao isiyoandikwa: usiseme. Ukiulizwa sema umekuja kuhiji, sema unaenda Jerusalem na Galilaya, simu isafishe, namba zenye majina ya Kiarabu zifute, barua pepe zifute, na kama una kitabu cha siasa kiache nyumbani. Afisa naye anajua kwamba unaweza kuwa unadanganya, na wewe unajua kwamba anajua, mnaendelea hivyo hivyo. Wengi walipita. Wasiopita walikaa chumba cha pembeni masaa na masaa wanaulizwa jina la baba na la babu, hasa ukiwa na jina la Kiislamu au asili ya Kiarabu, halafu wanapandishwa ndege ya kurudi.

Waandaaji wa Karibuni Palestina, mmojawapo Profesa Mazin Qumsiyeh wa Chuo Kikuu cha Bethlehem, wakasema hii ya kuwafundisha wageni wetu uongo ndiyo yenyewe inayoficha tatizo. Kila mgeni anayepita kwa kudanganya anaiachia Israel nafasi ya kusema mbona watu wanaenda tu Palestina, nani kawazuia. Kwa hiyo dawa ni kusema ukweli wengi kwa pamoja siku moja, tuone itakuwaje. Wazo rahisi mno, na mimi naliona ni zuri kuliko mengi yaliyowahi kubuniwa kwenye harakati hizi kwa sababu halihitaji ushujaa wa ajabu, linahitaji tiketi na mdomo.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa Julai 8, 2011. Kumbuka hali ilivyokuwa: mwaka mmoja nyuma, Mei 31, 2010, makomando wa Israel walivamia meli ya Mavi Marmara iliyokuwa inaelekea Gaza wakaua watu 9, wa kumi akafariki baadaye kwa majeraha, na msafara wa pili wa meli ulikuwa umekwama bandari za Ugiriki wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo serikali ya Israel ilikuwa na joto tayari. Waziri mkuu Netanyahu mwenyewe alipita uwanjani kukagua maandalizi kabla ya kusafiri, na waziri wake wa usalama wa ndani wakati huo, Yitzhak Aharonovitch, akawaita wageni wahuni. Halafu ikafanyika kitu ambacho ndicho moyo wa hiki kisa: mashirika ya ndege yakatumiwa listi ya majina 342, na ujumbe kwamba hawa wakifika hawataingia. Watu kama 200 wakazuiwa huko huko Ulaya. Waliofanikiwa kutua, zaidi ya mia moja, wakashikwa na kupelekwa magereza ya Givon kule Ramla na Beersheba, wakakaa siku kadhaa wakisubiri kurudishwa. Hata Waisraeli wachache waliokwenda kuwapokea na mabango ya Karibuni Palestina nao wakabebwa na polisi.

Mwaka uliofuata waandaaji wakaongeza nguvu, walitarajia watu kama 1,500, wakaalikwa kushiriki mambo ya shule na miradi ya Bethlehem na vitongoji vyake. Israel nayo ikaongeza listi, safari hii karibu majina 1,200. Lufthansa ikafuta tiketi, easyJet ikafuta, Jet2 ya Uingereza ikawaandikia abiria wake wa Manchester kwamba hamsafiri, Air France nayo ikafuata. Viwanja vya Paris na Brussels vikajaa watu wamekaa chini na mabango yao mbele ya kaunta. Na gazeti la Haaretz la huko huko Israel likaja kuripoti baadaye kwamba mamia ya majina kwenye ile listi hayakuwa na ushahidi wowote wa maana, yaani watu waliingizwa tu, ndiyo listi zilivyo popote duniani ukiiachia idara ya usalama iziandike bila mtu wa kuihoji.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye hili la mashirika ya ndege kwa sababu watu wengi walikasirika wakadhani Lufthansa na wenzake wamenunuliwa. Utaratibu wenyewe ni wa hesabu kuliko siasa. Kwa kanuni za usafiri wa anga, abiria akikataliwa kuingia nchi aliyopelekwa, shirika lililomleta ndilo linalobeba mzigo wa kumrudisha, na nchi nyingi zinaongezea faini juu. Kwa hiyo ukiipa kampuni jina la mtu na kuiambia huyu hataingia, umeiambia kwa lugha nyingine kiti cha kurudi utakilipa wewe. Meneja wa zamu ataanza saa ngapi kuchambua sheria za ukaliaji wa mabavu? Anafuta tiketi anaendelea na foleni. Ndiyo maana hii njia ilikuwa na akili sana kwa upande wa Israel, picha za askari wanamburuza bibi wa kizungu pale ukumbini zinapungua, anayekuambia hapana ni dada wa kaunta mwenye skafu shingoni, kwa upole, na ukimuuliza sababu anakuambia hana sababu, ana maelekezo.

Ila kuna tukio moja lilichana hilo pazia. Siku hiyo hiyo ya Aprili 15 kwenye ndege ya Air France kutoka Nice kwenda Tel Aviv kulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, Mfaransa, ameshapanda na ameshakaa kwenye kiti chake. Mfanyakazi wa shirika akamfuata akamuuliza, una pasipoti ya Israel? Hapana. Wewe ni Myahudi? Hapana. Basi shuka. Yule binti akaenda mahakamani, na mwaka 2013 mahakama ya Bobigny, nje kidogo ya Paris, ikaikuta Air France na hatia ya ubaguzi, faini euro 10,000 na fidia ya euro 3,000. Hela ya vocha kwa kampuni kama ile, lakini soma tena yale maswali mawili. Mtu wa Ufaransa, ndani ya Ufaransa, kwenye ndege ya Ufaransa, anaulizwa dini yake ili ijulikane kama anaruhusiwa kukaa. Hiyo sheria ya nani? Ukaliaji wa kule Hebron na Nablus ulikuwa umefika Nice, mahakama tu ndiyo ikaona haya kwa niaba ya wengine.

Waliotua Ben Gurion siku ile walikabidhiwa barua. Hii barua ilitoka ofisi ya waziri mkuu na ilikuwa ya kejeli toka mstari wa kwanza: asanteni kwa kuichagua Israel kuwa ndiyo shughuli yenu ya kibinadamu, mngeweza kwenda Syria ambako utawala unaua watu wake kila siku, mngeweza kwenda Iran, mngeweza kuilalamikia Hamas kule Gaza, basi nendeni mkamalize kwanza matatizo ya kweli ya eneo hili ndipo mrudi kutusimulia, safari njema. Ikaripotiwa pia kwamba baadhi yao walipewa karatasi ya kusaini wakiahidi kutokuwa wanachama wa shirika lolote linalounga mkono Palestina, kutowasiliana na wanachama wake na kutoshiriki shughuli zake. Angalia hiyo karatasi vizuri. Haisemi usifanye fujo wala usirushe mawe, inasema usiwe upande ule, na usiongee na walio upande ule.

Kuhusu ile hoja ya Syria nisiipite kama vile ni upuuzi mtupu, kwa sababu mwaka 2012 watu walikuwa wanakufa kweli Homs, na mtu anayelia Palestina peke yake akawa kipofu kwa Syria anastahili kuulizwa. Lakini barua ilimaliza hoja ambayo haikuanzishwa. Wale watu hawakuomba kuilinganisha Israel na nani, waliomba kupita njia kwenda kwa wenyeji wao. Kwenda Bethlehem kupitia Ben Gurion hakukuwa chaguo lao, Israel yenyewe ndiyo iliyoufanya uwe mlango mkuu wa angani.

Hoja nzito ya wanaoitetea Israel ni nyingine, na nimeona hata wenzetu huku wanaitumia: kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, hata Tanzania na Kenya zinawarudisha watu uwanjani na haziulizwi. Kweli kabisa. Kama wageni wangekuwa wanaenda Haifa kupanga maandamano ningesema sawa, ni kwao, hata kama ningekuta uamuzi wa hovyo. Lakini Bethlehem siyo Israel, na hilo hata serikali ya Israel haidai kwa Bethlehem kama inavyodai kwa Jerusalem Mashariki, pale mjini kwa makubaliano ya Oslo ya 1995 ni eneo A, yaani linaloendeshwa na Mamlaka ya Palestina, na kwenye barabara za kuingilia kuna mabango mekundu ya Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza yanayowaambia raia wa Israel kuingia humu ni kinyume cha sheria na ni hatari kwa maisha yenu. Sasa huwezi kuweka bango kwamba hapa siyo kwetu halafu ukamfukuza mgeni wa pale kwa haki ya mwenye nyumba. Anayekalia ardhi kwa jeshi ana mamlaka fulani ya usalama, sheria inampa, ila hizo ni za mlinzi wa muda na siyo za mwenye shamba. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Julai 9, 2004, kwenye maoni yake kuhusu ule ukuta ambao Israel iliujenga Ukingo wa Magharibi, kwamba mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Israel iliuridhia mwaka 1991 na kifungu chake cha 12 ndicho cha uhuru wa kutembea, unafanya kazi mpaka kwenye ardhi inayoikalia. Na Julai 19, 2024 mahakama hiyo hiyo ikaenda mbali zaidi, ikasema uwepo wenyewe wa Israel kwenye maeneo yale ni kinyume cha sheria na umalizike.

Haya, tuwarudie wenyeji, maana hapa ndipo ukosoaji wangu kwa kampeni unapoanzia.

Wakati Mfaransa anazuiwa Paris dunia nzima iliandika. Mtu wa Bethlehem ambaye hiyo Ben Gurion haruhusiwi kuitumia bila kibali maalumu, akitaka kwenda Istanbul lazima aende kwanza Jericho, apande basi, ashuke, mizigo ipite, apande basi jingine, apite dirisha la Israel, alipe, apande basi jingine tena, apite dirisha la Jordan, aende Amman ndipo atafute ndege, na siku daraja likifungwa kama lilivyofungwa Septemba 2024 baada ya dereva wa Jordan kuua walinzi watatu wa Kiisraeli pale, basi Ukingo wote umefungwa, huyo hakuandikwa. Ndani kwenyewe ni hivyo hivyo. Bethlehem na Ramallah ziko karibu, katikati ni Jerusalem, ila mwenye kitambulisho cha kijani, cha Wapalestina wa Ukingo, hapiti Jerusalem bila kibali, kwa hiyo anazunguka mashariki kwenye mabonde ya Wadi al-Nar, barabara ya kona na mteremko inayokata roho breki za daladala zao, mpaka kizuizi wanachokiita Kontena, na askari mmoja akiamua kufunga pale kusini yote ya Ukingo imekatika na kaskazini. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada, OCHA, ilihesabu vizuizi 849 vya aina mbalimbali mwanzoni mwa 2025, vya askari, mageti ya chuma, vifusi vya udongo, mitaro. Eneo lenyewe ni dogo kuliko mikoa yetu mingi tu.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hii haihitaji kuelezwa sana. Kenya ya mkoloni miaka ya 1920 mwanaume Mwafrika alitembea na kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, bila saini ya bosi wa zamani humo huwezi kutafuta kazi kwingine, na ukikutwa huna ni kosa la jinai. Kile kitambulisho cha kijani ni kipande chenye kompyuta nyuma yake. Daftari la wakazi, la Wapalestina wenyewe, linaidhinishwa na Israel, kuzaliwa, kuhamia, kubadili anwani kutoka Gaza kwenda Ramallah, mpaka mke kutoka Jordan akae na mumewe.

Miezi michache baada ya ile safari ya kwanza, Novemba 15, 2011, Wapalestina sita, na Qumsiyeh akiwa mmoja wao, walisimama kituo cha basi cha walowezi karibu na Ramallah wakapanda basi namba 148 la kampuni ya Egged linaloenda Jerusalem. Mabasi kadhaa yaliwapita, moja likasimama. Wakakaa tu kwenye viti kama abiria wengine. Kwenye kizuizi cha Hizma polisi wakawatoa mmoja mmoja, wengine kwa kubebwa mikono na miguu. Kwangu mimi lile tukio la 148 na ile listi ya Ben Gurion ni kisa kimoja kimepigwa picha mbili, na ile ya basi ndiyo kali zaidi, maana aliyekuwa anatafuta njia ni mwenyeji mwenyewe, lakini uliza watu kumi wanaofuatilia Palestina wangapi wanaikumbuka. Kampeni ya wageni ina hatari hiyo: mgeni akizuiwa anakuwa yeye habari, mwenyeji anabaki kwenye aya ya mwisho.

Na kuna hesabu nyingine ya waandaaji isiyonikaa vizuri. Walitangaza kila kitu wazi, ndiyo falsafa yao, lakini uwazi ule uliipa Israel muda wa kutengeneza listi, na walioumia ni watu waliouza vitu vyao kununua tiketi wakaishia kulala sakafuni uwanja wa ndege wa Brussels. Mara ya pili ilitakiwa kuwa na kitu tofauti, mawakili wameshajipanga kila nchi kuyashtaki mashirika siku ile ile, kesi ya Bobigny inaonyesha mlango huo ulikuwepo. Badala yake mwezi Agosti 2012 watu kama mia wakajaribu kupitia daraja la Allenby na vifaa vya shule kwa ajili ya watoto, wakarudishwa Jordan na madaftari yao. Baada ya hapo moto ukapoa. Kama ziara, tuseme ukweli, ilishindwa, wachache tu walipenya wakaifikia Bethlehem.

Kilichofuata ndicho kinanifanya niseme haikuwa bure. Kitu ambacho mwaka 2012 kilifanywa kwa kushtukiza na listi za usiku kikalazimika kuandikwa kuwa sheria, na sheria ina anwani, unaweza kuishika. Machi 6, 2017 Knesset, bunge la Israel, ikapitisha marekebisho kwamba mgeni aliyetoa wito hadharani wa kususia Israel au hata makazi ya walowezi peke yake asiingie. Januari 2018 ikatoka orodha ya mashirika 20 ambayo wanaharakati wake wazuiwe kuingia, na humo kuna AFSC, wale Waquaker wa Marekani walioshiriki tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1947 kwa kuwahudumia wakimbizi wa vita, pamoja na shirika la Wayahudi wenyewe la Jewish Voice for Peace. Oktoba 2018 mwanafunzi Mmarekani aliyekuwa na viza halali ya kusoma Chuo Kikuu cha Kiebrania alishikiliwa Ben Gurion kama wiki mbili mpaka Mahakama Kuu ya Israel ikamwachia aingie. Agosti 2019 zamu ikawa ya wabunge wa Marekani Ilhan Omar na Rashida Tlaib, na Tlaib akaambiwa kama anataka kumwona bibi yake kijijini aandike barua ya kuahidi atakaa kimya, akaandika, halafu akaona aibu ya hayo masharti, akaghairi. Novemba 2019 wakamfukuza Omar Shakir wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch. Aprili 2025 wabunge wawili wa Uingereza, Yuan Yang na Abtisam Mohamed, wakarudishwa kutoka uwanjani. Oktoba 2025 wageni 32 waliokwenda kuchuma zeituni na wakulima wa Burin, karibu na Nablus, wakakamatwa ili warudishwe kwao. Miaka ya nyuma ungesema hao ni wanaharakati wanajitafutia, sasa hivi ni wabunge wa nchi rafiki.

Kuanzia Oktoba 2022 kuna pia kanuni za jeshi, kurasa nyingi, kuhusu wageni wanaoenda Ukingo wa Magharibi hasa: nani anaweza kuja kufundisha chuo kikuu cha Kipalestina cha Birzeit, mke wa kigeni atakaa muda gani, mwanafunzi apitie wapi. Rasimu ya kwanza ilitaka mgeni akianza uchumba na Mpalestina aitaarifu Israel ndani ya siku 30, kelele zikapigwa wakaiondoa. Profesa kutoka Ujerumani akialikwa chuo cha Kipalestina anaamuliwa na ofisa wa jeshi, akialikwa chuo kilichojengwa kwenye makazi ya Ariel, kilomita chache pembeni, anapita Ben Gurion kama mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo penye jibu kwa wanaosema ni usalama tu.

Upande wa Gaza nimeuacha makusudi, ule ni ukuta wa aina nyingine toka 2007, na hata mkimbiaji wa Olimpiki ya Beijing, Nader al-Masri wa Beit Hanoun, mwaka 2014 alinyimwa kibali cha kwenda kukimbia marathoni ya Bethlehem na Mahakama Kuu ikakataa kuingilia. Marathoni hiyo nayo, wapenzi wa riadha mtanielewa, ilianza 2013, inatokea pale Kanisa la Nativiti, la kuzaliwa kwa Yesu, inapita pembeni ya ukuta na kambi za wakimbizi za Aida na Dheisheh, halafu wakimbiaji wanageuka wanarudia njia ile ile mara ya pili, kwa sababu waandaaji walitafuta kilomita 42 za mfululizo bila kugonga kizuizi wakazikosa.

Watu wetu wanafika kule, tena wengi. Makundi ya kuhiji ya makanisa ya Nairobi, Dar, Arusha, na Waislamu wanaokwenda kuswali Al-Aqsa. Basi la watalii linapita kizuizi cha Bethlehem taratibu, askari anaingia au hata haingii, mnapungia mkono, mnafika Nativiti, picha, duka la sanamu za mbao za mzeituni, mnarudi kulala hoteli ya Jerusalem. Hakuna anayewazuia kwa sababu mmeandika hija na kweli ni hija. Sasa kama mna kiongozi wa msafara anayesikia, mwambieni apange usiku mmoja wa kulala Bethlehem au Beit Sahour, kwa hoteli na waongoza watalii wa pale pale, maana masaa mawili ya basi hayawaachii wenyeji hata hela ya chai. Na mkilala, amkeni saa kumi alfajiri mtembee mpaka kile kizuizi kikubwa namba 300 upande wa wanaotembea kwa miguu, kabla ya Oktoba 2023 vibarua walikuwa wanajazana pale kwenye vichochoro vya nondo wakiwahi kazi za ujenzi Israel, na tangu vita vianze wengi wao vibali vyao vilisimamishwa.

Kwa wenye pasipoti za nchi zisizohitaji viza, toka Januari 2025 lazima uombe idhini mtandaoni kabla ya kupanda ndege, shekeli 25, unajaza fomu unasubiri jibu kwenye barua pepe. Ile kazi ya listi ya 2012, ya kupigia simu Lufthansa usiku na kubahatisha majina, sasa inafanyika mgeni akiwa bado sebuleni kwake, na akikataliwa hakuna kaunta ya kukaa chini mbele yake wala abiria mwenzake wa kushuhudia.